Ushahidi wa Waiyego

Waiyego hakuwa mama wa kukumbatia. Muthoni, mtoto wake wa pekee, alikua akilijua hilo kama vile mtoto mwingine anavyojua kwamba mama yake ni mfupi au ni mweupe. Alivishwa, alilishwa, alisomeshwa, na alipokosea alichapwa. Lakini hakumbuki kuketi mapajani mwa mama yake hata siku moja. Alipovunja ungo, jirani ndiye aliyemwita kando akamweleza mambo ya wanawake. Na alipojifungua katika hospitali moja mjini Eldoret, mama yake alikuja na uji kwenye thamosi, akasimama mlangoni mwa wodi, akauweka uji chini na kurudi nje. Alisema harufu ya dawa inamuumiza kichwa.

Huyo ndiye mama aliyemjua, na alimchukia kidogo kwa sababu hiyo, ingawa hakuwahi kusema.

Waiyego alizaliwa Murang'a, mwaka 1938 au karibu na hapo. Aliingia Uasin Gishu akiwa msichana wa miaka kumi na minane, peke yake, akaajiriwa kuchuma maua ya pareto katika shamba la Mwingereza mmoja huko Ainabkoi. Mke wa Mwingereza huyo alimpenda, akamtoa shambani na kumleta jikoni, akamfundisha kupiga pasi na kuoka mkate. Alikaa nao miaka minane. Walipouza shamba baada ya uhuru wakarudi kwao, yule mama alilia barazani mbele ya wafanyakazi wote. Kila Krismasi alimtumia Waiyego kadi yenye stempu ya kichwa cha malkia, mpaka Krismasi moja kadi haikuja, na Waiyego akaelewa.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa. Alikaa kwa mumewe miaka kumi na minne bila mtoto. Mawifi zake walimwita mti mkavu akiwa palepale anawapakulia chakula. Muthoni alipozaliwa, watu walisema ni muujiza. Mumewe alipata ekari mbili huko Yamumbi kupitia kampuni ya kununua mashamba, akajenga nyumba ya mbao, na mwaka 1991 akafa kwa ugonjwa wa mapafu.

Nyumba hiyo iliteketea Januari 2008, baada ya uchaguzi. Vijana walikuja mchana wakiwa na petroli. Waiyego alikuwa na miaka sabini, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri, hangeweza kukimbia. Aliyekuja kuwatoa alikuwa jirani yao, Kiarie Mungai, mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wa maziwa. Alimbeba Waiyego mgongoni kupitia shamba la mabua makavu mpaka mahali alipokuwa ameficha pikapu yake, Muthoni akifuata nyuma na blanketi moja. Walikaa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho miezi mitano. Waliporudi, Kiarie ndiye aliyekusanya watu wa kanisa wakawajengea chumba cha mabati. Tangu hapo, kila Jumapili saa tatu, pikapu ilisimama langoni ikapiga honi, naye Waiyego akasaidiwa kupanda mbele.

Kadi za Krismasi ziliungua na nyumba. Kipande cha mumewe, kitambulisho chake cha enzi za mkoloni, kiliungua, na kile kijitabu cha pasi alichokuja nacho Waiyego kutoka Murang'a, chenye mhuri wa serikali ya mkoloni, kiliungua pia.

*

Mwaka 2013 mtu mmoja aitwaye Gikonyo, karani wa wakili, alianza kuzunguka makanisa ya Eldoret akiandikisha wazee walioteswa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini mkoloni alipopigana na Mau Mau. Alisema kuna kesi inafunguliwa London dhidi ya serikali ya Uingereza. Wazee wachache walikuwa wamesikilizwa huko, basi na wengine watasikilizwa.

Waiyego hakutaka kwenda.

"Mambo hayo yameisha," alisema.

"Hayajaisha, Mama," Muthoni alimwambia. "Wewe ulikuwa kwenye vile vijiji vya kufungia watu. Uliniambia mwenyewe mlichimbishwa handaki la kukizunguka kijiji. Kila mtu wa umri wako ameandikisha. Ni wewe tu umebaki."

Muthoni alikuwa na duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, hapo Yamumbi, na alikuwa mtu wa kumaliza jambo aliloanza. Alimshawishi wiki mbili. Mwishowe Waiyego akavaa leso yake nyeupe ya kichwa, wakaenda. Gikonyo alikuwa ameweka meza mbele kanisani, chini ya mimbari, na foleni ya wazee ilifika mlangoni. Alimuuliza maswali, akaandika. Katika nafasi ya madhara aliandika neno moja: *alipigwa*.

Miaka mitatu ikapita. Kisha Gikonyo akaja dukani akiwa amevaa tai, akasema kati ya maelfu ya majina, mawakili wamechagua wachache tu watoe ushahidi kwa niaba ya wengine wote. Jina la Waiyego lilikuwa mojawapo. Hakuhitaji kupanda ndege. Wangemhoji kwa njia ya video kutoka hoteli moja mjini.

Wakili wa kike kutoka Nairobi alitangulia kuja kumwandaa. Alimwomba Muthoni atoke nje, akakaa na Waiyego chumbani tangu asubuhi mpaka saa nane. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia Muthoni, "Taarifa ya kwanza haikutosha. Tumeandika nyingine." Hakusema zaidi, na Waiyego naye aliuliza tu kama ng'ombe amepewa maji.

*

Siku ya kusikilizwa ilikuwa mwezi wa pili, jua kali. London walianza saa nne asubuhi yao, hapa ikiwa saa saba mchana. Katika chumba cha mikutano kulikuwa na meza ndefu, skrini kubwa ukutani, mkalimani wa Kikuyu, wakili wa Nairobi, fundi wa mitambo, na Muthoni kwenye kiti cha nyuma. Mhudumu wa hoteli alikuwa amepanga chupa za maji mezani, moja kwa kila mtu. Waiyego aliitazama yake, akaisukuma kwa upande wa mkono mpaka mwisho wa meza.

"Hutaki maji, cucu?" mkalimani alimuuliza, akimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Nitakunywa kwa kikombe."

Wakaleta kikombe.

Wakili wao alianza. Alimwomba aseme kwa maneno yake kilichotokea katika kituo cha mahomgadi, wale askari Waafrika waliowekwa na mkoloni kulinda vijiji. Waiyego aliongea akiwa ameitazama meza. Alisema alikamatwa kwa kupeleka viazi msituni, kwa kaka yake. Alisema walikuwa watu wanne, homgadi watatu na Mzungu mmoja kijana wa kaptula. Mmoja alimshika mikono, mmoja akamshika miguu. Kisha akasema walichofanya na chupa. Alilisema kwa sentensi nne fupi. Mkalimani alitafsiri tatu, akanyamaza. Jaji aliyekuwa kwenye skrini akamwomba aendelee, akaendelea.

Muthoni alikuwa akitazama mgongo wa mama yake. Alihesabu miaka bila kutaka: kumi na sita, kumi na saba. Halafu miaka kumi na minne ya kuitwa mti mkavu. Halafu yeye.

Baada ya hapo ikawa zamu ya wakili wa serikali ya Uingereza, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alianza kwa kumpa pole. Kisha akauliza, "Katika taarifa yako ya kwanza umesema ilikuwa mwaka 1954. Katika ya pili umesema 1955. Ni upi?"

"Ni wakati wa kuchimba handaki."

"Mwaka gani?"

"Hatukuwa na kalenda. Tulikuwa na handaki."

"Taarifa ya kwanza inasema ulipigwa. Hakuna neno lolote kuhusu haya uliyosema leo. Kwa nini?"

"Aliyekuwa akiandika ni mwanamume. Na tulikuwa kanisani."

Wakili alifungua ukurasa. "Una karatasi yoyote ya wakati ule? Pasi, barua, cheti cha hospitali?"

"Zilichomwa 2008. Za serikali mlikuwa nazo nyinyi."

Mkalimani alisita hapo, akatafsiri.

"Yule Mzungu alikuwa akifanya nini wakati huo wote?"

"Alisimama mlangoni akivuta sigara. Aliposema basi, wakaacha."

"Baada ya hayo ulifanya kazi katika nyumba ya familia ya Kiingereza miaka minane. Ulimweleza yeyote kati yao?"

"Ningewaeleza nini? Serikali ilikuwa yao. Ningekuwa namshtaki mtu kwa ndugu yake."

"Je, unaweza kuwataja hao watu wanne kwa majina?"

Waiyego alikigeuza kikombe mezani. Feni ya darini ilisikika. Wakili wa Nairobi aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Bi Waiyego, umeelewa swali?"

"Nimeelewa."

"Unawakumbuka kwa majina?"

"Sikumbuki."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Wakili wa serikali aliandika kitu, akashukuru, akakaa.

Walipotoka nje kwenye korido, Muthoni alimshika mama yake mkono ili amsaidie kushuka ngazi. Mkono ule ulikakamaa, kama ulivyokakamaa siku zote. Zamani angekasirika. Sasa aliuachilia taratibu, akashuka ngazi moja mbele yake ili akianguka amwangukie yeye.

"Nina njaa," Waiyego alisema.

Walikula chapati na maharagwe karibu na soko. Waiyego alimaliza sahani yake na kuifuta kwa kipande cha mwisho cha chapati. Muthoni aliimega yake bila kuila.

"Mama," alianza.

"Kula, kinapoa."

Hayo tu ndiyo waliyozungumza siku hiyo.

*

Uamuzi ulichukua karibu miaka mitatu mingine. Gikonyo aliuleta mwishoni mwa mwaka, wakati wa kuanika mahindi. Waiyego alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya turubai, akitoa punje zilizooza. Gikonyo hakukaa. Alisema kesi imetupwa, si yake tu, ya wote. Jaji amesema miaka mingi sana imepita, mashahidi wengi wa upande wa pili wamekufa, haki haiwezi kutendeka tena. Alimpa Muthoni nakala ya kurasa chache zilizomhusu mama yake, akasema pole mara tatu, akaondoka kwa bodaboda iliyokuwa inamsubiri.

"Soma," Waiyego alisema.

Muthoni alisoma Kiingereza akakigeuza polepole. Jaji alisema haoni sababu ya kudhani shahidi huyu alikusudia kudanganya. Alisema bila shaka aliteseka wakati ule kwa namna fulani. Lakini tarehe zake zilipishana, taarifa zake mbili hazikufanana, hakuwa na hati yoyote, na zaidi ya yote hakuweza kumtaja hata mtu mmoja kati ya wanne. Baada ya zaidi ya miaka sitini, kumbukumbu ya shahidi imefifia kiasi kwamba haiwezi kutegemewa.

"Kumbukumbu yangu," Waiyego alisema.

"Ndivyo wameandika."

Waiyego aliokota punje nyeusi, akaitupa kwa kuku. "Aliyenishika mikono aliitwa Njuguna, alitoka ng'ambo ya mto. Yule wa chupa sikumjua, aliletwa kutoka kwingine. Aliyenishika miguu ni Mungai."

"Mungai gani?"

"Baba yake Kiarie."

Muthoni alikaa chini, juu ya mahindi.

"Nilimwona hapa Yamumbi mwaka tulionunua shamba," Waiyego aliendelea, sauti ileile ya kuulizia ng'ombe. "Alikuwa amekuja na bibi yake na huyo Kiarie, kijana. Alinitambua. Hakuingia kanisa letu mpaka alipokufa. Kiarie hajui. Anajua baba yake alikuwa homgadi, wengi walikuwa. Hayo mengine hajui."

"Na umekuwa ukipanda gari lake! Kila Jumapili, Mama!"

"Mwaka wa moto, nani alitutoa humu?"

Muthoni aligeuka akakitazama chumba cha mabati.

"Baba alinishika miguu. Mtoto akanibeba mgongoni. Ningesema nini mbele ya ile televisheni? Karatasi zile zinasomwa, Muthoni. Gikonyo angesoma, na kanisa lote lingesoma."

"Ungetaja yule Mzungu!"

"Jina lake sikulijua. Tuliambiwa tumwite Bwana, tukamwita Bwana. Jina nililokuwa nalo ni la mtu wa kwetu."

Baadaye Muthoni alimpigia Gikonyo simu, akamuuliza, bila kueleza sababu, kama jina moja lingebadilisha kitu. Gikonyo alisema hata majina kumi yasingesaidia. Muda ndio uliowaangusha wote. Muthoni hakuweza kujua kama ndiyo kweli au kama alikuwa anamfariji. Na aliporudi kitandani mwake siku hizo alikuwa na neno jingine la kujilaumu: yeye ndiye aliyempeleka. Mama yake alikuwa amekaa na jambo hilo miaka sitini na kitu, akalimudu. Yeye ndiye aliyemvisha leso nyeupe na kumpeleka akalitoe mbele ya wageni, na wageni wamelirudisha.

Jumapili iliyofuata pikapu ilipiga honi. Waiyego alikuwa amevaa tayari. Muthoni alisema ana mafua, akabaki ndani, akasikia Kiarie akisema, "Polepole, Mama, shika hapa," na mlango wa gari ukifungwa.

*

Waiyego alifariki Juni 2021, mvua ikinyesha, katika chumba kile cha mabati. Hakuugua sana, ni kifua, siku nne. Siku ya mwisho Muthoni alimwosha kwa maji ya moto na kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuuona mwili wa mama yake. Waiyego alifumba macho muda wote, lakini hakumzuia.

Kabla ya mazishi Kiarie alikuja dukani, kofia mkononi. Alikuwa amepita miaka sabini, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa, yeye ndiye angesoma wasifu wa marehemu kaburini. Alikuwa na karatasi aliyoandika Muthoni.

"Nimeisoma, imekaa vizuri," alisema. "Lakini hapa katikati, kabla hajaja Ainabkoi, umeruka. Miaka ya Emajensi. Watu watauliza."

"Sina habari za miaka hiyo, Mzee."

"Hata wewe? Mama hakukwambia?" Alitikisa kichwa. "Hao watu walinyamaza sana. Baba yangu pia alikuwa Murang'a wakati huo. Alikuwa homgadi, unajua, walilazimishwa, maskini. Hakuwahi kutuambia neno. Labda walijuana na mama."

Muthoni alikuwa ameshika mizani ya kupimia chakula cha kuku. Aliiweka chini.

"Labda," alisema.

"Basi tuweke tu kwamba aliishi kijijini na mama yake."

"Weka hivyo."

Na ndivyo alivyosoma, kwa sauti nzuri, chini ya mwavuli ulioshikwa na mjukuu wa marehemu, Joy. Alipofika mwaka 2008 sauti ilimkatika, akashindwa kusoma sehemu ile ya yeye mwenyewe, ikabidi Joy amalizie. Watu wengi walilia hapo. Kisha wazee wakachukua sepetu. Kiarie alikuwa wa tatu. Muthoni alitaka kumwambia asitie udongo. Aliangalia mikono ya yule mzee, mikono ya kukamua, iliyovimba vifundo, akamwacha. Kiarie alitia sepetu tatu na kupitisha.

Tangu hapo Muthoni hajaingia katika kanisa lile. Anasali Langas, mbali, kwa watu wasiomjua. Wanawake wa Yamumbi wanasema huzuni imempanda kichwani, wengine wanasema ni maringo ya duka. Gikonyo alimpigia mara mbili akimweleza kwamba kuna mawakili wengine wanajaribu mahakama nyingine, na warithi wanaweza kuendelea. Mara ya kwanza alisema atafikiria. Mara ya pili hakupokea.

Mwezi uliopita Kiarie aliingia dukani kununua dawa ya kupe. Alilipa, dawa akaiweka mfukoni, lakini hakutoka. Alisimama akitazama rafu za mbegu kama mtu anayesoma majina moja moja.

"Muthoni," alisema hatimaye. "Mimi si mtoto. Tangu tulipomzika mama hujanisalimia kwa mkono. Kama kuna mahali nilikukosea, niambie. Nitaomba msamaha kabla sijafa."

"Hujanikosea kitu, Mzee."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Alingoja. Nje lori la mahindi la kutoka Moi's Bridge lilikuwa linapunguza mwendo kwenye tuta, na Muthoni alisubiri lipite ili asilazimike kupaza sauti.

"Hiyo dawa uchanganye na maji lita kumi," alisema. "Si ishirini kama ile ya zamani."

Kiarie aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akatoka.